Mtoto Huazima Utulivu wa Mzazi: Kiwewe na Malezi katika Milima ya Upare



Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa uchungaji nilipangiwa kufundisha mafundisho ya Komunyo ya Kwanza katika kigango kimoja cha milimani, upande wa Same. Darasani palikuwa na mtoto wa miaka minane hivi aliyenishinda. Leo ametulia kama maji ya mtungini, kesho amempiga mwenzake kwa sababu ya penseli. Siku moja lori lililokuwa likishuka mlimani lilipiga honi kali nje ya kanisa. Mtoto yule aliruka, akajiingiza chini ya benchi, wenzake wakacheka. Nikamwambia atoke, hakutoka. Nikamvuta mkono, nikampigisha magoti nje ili ajifunze adabu katika nyumba ya Mungu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikapanda hadi kwao. Bibi yake alinikaribisha makande, na tulipomaliza kula akamtuma mtoto maji, ndipo akanieleza kwa sauti ya chini. Mwaka uliotangulia mtoto alikuwa ndani ya gari lililopinduka. Baba yake alifariki palepale. Yeye alitoka na mikwaruzo tu, na kila mtu akamshukuru Mungu.

"Tumemwambia baba amesafiri," bibi alisema. "Huyu bado mdogo, Frateri. Hajui kitu."

Alikuwa anajua. Mwili wake ulijua kila lori lilipopiga honi. Alichokosa ni mtu mzima wa kuubeba ukweli huo pamoja naye. Mimi, niliyetumwa kwake kwa jina la Kanisa, nilimwongezea aibu juu ya hofu.

Maoni yangu katika makala hii ni haya: baada ya msiba mkubwa, mtoto hapati nafuu kwa kuambiwa atulie, wala kwa kufichwa. Hupata nafuu akiwa na mtu mzima aliyetulia. Kwa hiyo parokia inayotaka kumsaidia mtoto ianze na yule anayemlea.

Sisi watu wa Same hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano ya misiba. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 20. Juni 28, 2025, basi kubwa na basi dogo viligongana eneo la Sabasaba, Same, na kuwaka moto. Tangazo la kwanza la Ikulu lilitaja watu 38 waliofariki, na idadi ikaongezeka baadaye. Wengi waliungua kiasi cha kutotambulika, ndugu wakalazimika kusubiri vipimo vya vinasaba ili wajue yupi ni wao wa kumzika.

Katika misiba ya namna hiyo tunajua la kufanya. Tunachimba kaburi, tunapika, tunachanga, jumuiya inasali rozari, padre anaadhimisha Misa. Ni utajiri ambao mataifa mengi yameupoteza. Lakini tazama watoto wako wapi siku hizo. Wamepelekwa kwa jirani, au wanazungukazunguka nyuma ya nyumba, hakuna anayewaeleza kitu. Tanga likiisha watu wazima hurudi mashambani, na mtoto hubaki na maswali yake na mlezi ambaye naye hajalala wiki tatu.

Wataalamu wa saikolojia huita jeraha hili la ndani kiwewe. Si huzuni ya kawaida. Mtu aliyekabiliwa na hatari iliyomzidi nguvu, ubongo wake hubaki kama mlinzi aliyevamiwa usiku mmoja: tangu hapo kila jani likitikisika anapiga kelele. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na sehemu ya akili inayopima mambo haipati nafasi ya kusema. Kwa mtu mzima hali hii hujitokeza kama hasira za ghafla, kukosa usingizi, ganzi, au pombe. Mtoto huwa mkorofi, hukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, hung'ang'ania sketi ya mama, au hunyamaza mpaka tunamsifu kuwa ana adabu.

Wazee wetu wa Upare walitufundisha kitu kinachoweza kutusaidia kuelewa. Walijenga ndiva. Maji ya chemchemi hukusanywa humo usiku kucha, asubuhi hufunguliwa yakafuata mfereji hadi mashambani, kwa zamu na kwa kipimo. Pasipo ndiva maji ni yaleyale, ila hupita bila faida, na siku ya mvua kubwa huharibu shamba. Hisia za binadamu ni kama maji hayo. Hasira, hofu na huzuni si dhambi, zinahitaji tu mahali pa kukusanywa na njia ya kutokea. Mtoto hazaliwi na ndiva yake. Miaka ya kwanza hutumia ya mzazi. Akilia, mama humpokea, humbeba mgongoni, humsemesha, na mwili wa mtoto hujifunza polepole kwamba hofu ina mwisho. Baada ya kufanyiwa hivyo mara elfu nyingi, huanza kujijengea ya kwake. Lakini ndiva ya mzazi ikipasuka kwa kiwewe, mtoto ataazima utulivu kwa nani?

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Kwa kweli, sehemu kubwa ya elimu hii imeanzia hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, na katika vijiji vya karibu na Kampala alitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, nyumba kwa nyumba, kwa miezi kadhaa. Hapo aliona jinsi mtoto mwenye uhakika na mama yake anavyotambaa kwenda kuchunguza dunia, kisha hurudi kwa mama akiogopa, halafu huenda tena. Kitabu chake kuhusu akina mama hao kilitoka mwaka 1967, na ni miongoni mwa misingi ya yote yanayofundishwa leo ulimwenguni juu ya kifungo cha mzazi na mtoto. Wazungu walikuja kujifunza kwa akina mama wa hapa, sasa sisi tunaona haya kujifunza kwao.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye vita. London ilipokuwa ikipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham walilea watoto wa vita katika makao yao. Waliona kwamba watoto wadogo wengi walistahimili mabomu wakiwa pamoja na mama aliyetulia. Kilichowaumiza zaidi kilikuwa kutenganishwa naye, au kuiona hofu yake. Hili halimaanishi kwamba mzazi hana ruhusa ya kulia. Mtoto akimwona mama analia, kisha anafuta machozi na kumkumbatia, hujifunza kwamba huzuni haiui. Kinachomtisha ni mtu mzima aliyepotea ndani ya huzuni, au anayejifanya hakuna kilichotokea.

Wengine husema, "Mbona sisi tulikua kwa fimbo na tuko sawa?" Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyoambiwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walitendewa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Ukiketi kwenye vikao vya usuluhishi wa ndoa parokiani, utajiuliza kama kweli tuko sawa. Nidhamu ni lazima, nakubali. Lakini mtoto anayetetemeka hawezi kujifunza. Fimbo humfundisha tu kwamba hata yule anayemkimbilia ni hatari.

Na wapo wanaosema, "Waombe tu, imani itawaponya." Mimi naamini nguvu ya sala. Lakini tumwangalie Bwana wetu kaburini kwa Lazaro. Alijua kwamba atamfufua, na bado alilia pamoja na wafiwa. Tumwangalie Eliya jangwani, aliyechoka hadi kuomba afe. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, ndipo baadaye akazungumza naye mlimani. Neema hufanya kazi ndani ya mwili huuhuu unaochoka na kuogopa.

Basi tufanye nini? Kwanza, jumuiya zetu zisimalize kazi tanga linapoisha. Ziara ya mwezi wa pili na wa tano ina thamani kuliko ya siku ya tatu, kwa sababu wakati huo wengine wote wameondoka. Akina mama wa WAWATA wakienda kumpalilia mjane tangawizi yake siku moja, wamempa mtoto wake mama aliyepumzika jioni hiyo.

Pili, tuwaambie watoto ukweli kwa maneno wanayoyaweza. "Baba amekufa. Hatarudi. Sisi tupo, hatutakuacha." Neno "amesafiri" linaonekana la huruma, lakini mtoto hubaki akisubiri barabarani, na siku akijua ukweli anapoteza imani na wote waliomficha.

Tatu, tujue mipaka yetu. Ikiwa mwezi umepita na mtoto bado anaota ndoto za kutisha, hachezi, anaogopa kwenda shule, au mzazi anasema hataki kuishi, tumsindikize hospitalini au kwa afisa ustawi wa jamii. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bure. Kumpeleka mtu kwa mtaalamu si upungufu wa imani, kama vile kumpeleka mwenye malaria zahanati si upungufu wa imani.

Na ndugu zangu waseminari, neno la mwisho ni letu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Pastores Dabo Vobis ya mwaka 1992, aliuweka malezi ya kiutu kuwa msingi wa malezi yote ya kipadre. Baadhi yetu tumelelewa na bibi kwa sababu wazazi walifariki au walikwenda kutafuta maisha mijini. Baadhi yetu tulipigwa sana. Tukipanda altareni bila kuyatazama majeraha hayo pamoja na walezi wetu, tutawarithisha waamini. Siku ile nilipompigisha magoti mtoto wa watu, sidhani kama nilikuwa nalinda heshima ya kanisa. Nilikuwa nafanya nilichofanyiwa.

Habari njema ni kwamba kifungo kilichokatika kinaweza kufungwa tena. Hakuna mzazi asiyekosea. Mzazi bora hukasirika pia, ila hurudi, huinama usawa wa mtoto na kusema, "Nilikosa, nisamehe." Sisi Wakatoliki tunaijua njia hiyo vizuri, kwa kuwa tunaipita kila tunapokwenda kitubio.

Nami niliipita. Nilimwomba mtoto yule msamaha mbele ya bibi yake. Wiki chache baadaye bibi alimweleza ukweli, nikiwa nimeketi pembeni. Mtoto alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Kaburi liko wapi?" Tulikwenda watatu, akaweka maua aliyoyachuma njiani. Sitasema alipona siku hiyo. Honi ikilia bado anashtuka. Lakini siku hizi hajifichi chini ya benchi. Humkimbilia bibi, na bibi, aliyekwisha kulia machozi yake, ana nafasi ya kumpokea.