Tumbo la Mwanamke Lisihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Mama msomaji, na wewe baba unayemsomea mke wako ukurasa huu, tuseme habari ya tumbo.

Hapa kwetu Rutshuru tumbo la mwanamke likivimba, watu hawangoji. Kama ana mume, wanasema ni mimba. Miezi ikipita na mtoto asizaliwe, wanasema kuna mtu aliyemfunga. Kama ni mjane, wanasema neno baya zaidi, na mara nyingine neno hilo hufika kwa wazee wa kanisa kabla mama hajafika kwa munganga. Mimi naona kosa hili ni kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Sikia sasa. Kila mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa kizazi, na kila kimoja ni kidogo kuliko yai la kuku. Kila mwezi kilengelenge cha maji hukua ndani yake, upana wake sentimeta 2 hivi, kisha hupasuka na yai hutoka. Mara nyingine hakipasuki, bali huendelea kujaa maji. Hapo mama ana kivimbe. Vingi vya namna hii huisha vyenyewe kwa miezi 2 au 3, pasipo kisu. Wanawake wengi wamekuwa navyo wala hawakujua. Basi ukipimwa kwa ekografi na kuambiwa una kivimbe, usilie kana kwamba umeambiwa mauti, wala usikimbie kuuza mbuzi ili upasuliwe kesho. Uliza kwanza: Ni kikubwa namna gani? Ndani ni maji tu? Nirudi lini nipimwe tena?

Kivimbe huweza kuleta uzito chini ya tumbo, maumivu ya upande mmoja, maumivu wakati wa kulala na mume, na haja ya kukojoa mara kwa mara. Maumivu hayo ni ya kweli. Baba, usiseme mke wako anakimbia jembe.

Lakini kuna maumivu yasiyongoja. Kivimbe kikiwa kizito, kifuko cha mayai huweza kujizungusha kama kamba, na damu ikakosa njia. Maumivu huja ghafula, makali, pamoja na kutapika. Tena kivimbe huweza kupasuka na damu kumwagika ndani ya tumbo, mama akaona kizunguzungu na kuanguka. Mimba iliyoshika nje ya kizazi huonyesha dalili kama hizo hizo. Hapo usichemshe majani, usingoje asubuhi. Tafuta pikipiki, au vijana wa tipoi, mama afike hospitali. Saa chache zaweza kuamua.

Kuna aina moja nataka niitaje kwa sababu ya uvumi. Munganga akikipasua kivimbe cha aina hiyo, huona ndani mafuta, nywele, hata meno. Najua yatakayosemwa njiani kurudi Kiwanja au Jomba! Lakini hakuna mtu aliyeyatia humo. Kimetoka katika chembe za mayai, na chembe hizo zina uwezo wa kufanya kila sehemu ya mwili, ngozi na nywele pia. Hupatikana kwa wanawake wa Ulaya na Marekani sawasawa na kwetu, na mara nyingi si saratani.

Wala watu wa kwetu si wa kwanza kukosea. Mwaka 1809, huko Kentucky, Marekani, Mama Jane Todd Crawford alidhaniwa ana mimba iliyopita wakati wake. Munganga Ephraim McDowell alimpima, akaona ni kivimbe. Mama yule alipanda farasi karibu kilomita 100 mpaka Danville, safari ndefu kuliko ya Rutshuru mpaka Goma, akapasuliwa pasipo dawa ya usingizi, kwa maana haikuwapo bado. Walitoa kilo 10 hivi. Akapona, akaishi mpaka 1842. Kama watu wangeendelea kungoja mtoto, wangemzika.

Ninyi wazee wa kanisa, nawaomba jambo moja. Mjane akivimba tumbo, msimwite kwanza katika baraza. Mtumeni hospitali pamoja na mama mwenzake anayemwamini. Na kama siku zake za mwezi zimekwisha koma, msikawie hata kidogo, kwa kuwa kivimbe cha umri huo chapasa kuchunguzwa vizuri, kisije kikawa saratani.

Nawe mama, unapokwenda, shika moyoni tarehe ya siku zako za mwisho, upande unaouma, na tangu lini. Munganga atakuuliza hayo kwanza. Usione haya kumjibu, hata kama mama mkwe wako amekaa karibu. Waweza kumwomba atoke kidogo.