Bodi za vikundi vya muziki mitaani zatafuta wadhamini au wafadhili?

Neno mdhamini limebebeshwa mizigo mitatu katika Kiswahili cha hapa kwetu. Mahakamani, mdhamini ni yule anayeweka hati ya shamba ili nduguye aachiliwe kwa dhamana. Viwanjani na kwenye matamasha, mdhamini ni kampuni ambayo nembo yake imechorwa kifuani mwa jezi au kutundikwa nyuma ya jukwaa. Katika sheria ya mashirika ya hisani, mdhamini ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake ili aitunze kwa manufaa ya wengine, naye hatarajiwi kupata hata ndururu kutokana na kazi hiyo.

Mkanganyo huo ungeachiwa watunzi wa kamusi lau usingekuwa umepenya hadi katika vyumba vya mikutano. Shirika linalofunza muziki watoto wa mitaa ya mabanda linapotangaza kwamba linatafuta mdhamini wa maana ya tatu, aghalabu huishia kumpata wa maana ya pili. Huteuliwa mwenye hundi, au rafiki wa mwenye hundi.

Suala hili si dogo. Anayeifahamu Korogocho anajua kwamba mtaa huo umepakana na jaa la Dandora, ambako moshi wa taka haukomi. Hapo, katika viunga vya Kanisa Katoliki la St John, mradi wa Ghetto Classics ulio chini ya shirika la Art of Music Foundation, lililoasisiwa na Bi Elizabeth Njoroge, umekuwa ukiwafunza watoto kupiga fidla, klarineti na tarumbeta tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Kuanzia 2014, mapato ya tamasha la Safaricom Jazz yalielekezwa kuusaidia. Hakuna lolote katika makala haya linalouhukumu mradi huo. Kinyume chake, ufanisi wake ndio uliowatia wengine moyo. Vikundi vidogo vimechipuka katika mitaa mingine, vingi vikiwa na mwalimu mmoja, ala chache zilizochakaa na karatasi ya usajili. Ni vikundi hivi ambavyo, siku mfadhili wa kwanza anapobisha hodi, hutakiwa kuonyesha majina ya bodi kabla ya wiki kwisha.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyokaa rafuni kwa zaidi ya miaka 11 hadi ilipoanza kutekelezwa Mei 14, 2024, ilichukua nafasi ya ile ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 1990. Wanaopendelea njia ya amana husajili wadhamini wao kama chombo kimoja cha kudumu chini ya Sura ya 164 ya sheria zetu. Kwa lugha nyepesi, maana yake ni kwamba mdhamini akifariki, fidla za kikundi hazirithiwi na wanawe. Wakazi wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwa kuwa wamelijua kwa karne nyingi kupitia wakfu: mutawali huangalia nyumba na minazi ya wakfu, lakini si mali yake, na akiifuja ataulizwa duniani kabla ya kuulizwa akhera.

Hata hivyo, sheria haimwambii mwanzilishi amtafute nani. Hapo ndipo mazoea hushika usukani. Mwanzilishi humwita aliyesoma naye, ambaye humleta mfanyakazi mwenzake wa benki, naye humpendekeza shemeji yake aliye wakili. Si Kenya peke yake. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka wa 2017 kuhusu wadhamini wa mashirika ya hisani ya Uingereza na Wales ulionyesha kwamba wanaume walikuwa takriban wawili kwa kila mwanamke mmoja, kwamba asilimia 92 walikuwa weupe, na kwamba wengi wao waliingia kwa kualikwa na watu waliowajua. Nchi yenye Tume ya Hisani iliyo na mamlaka na watumishi bado huchagua wadhamini mezani pa chakula cha jioni.

Matokeo ya mazoea hayo yalionekana London. Shirika la Kids Company, lililoanzishwa 1996 na Bi Camila Batmanghelidjh kuwasaidia watoto maskini, lilipokea zaidi ya pauni milioni 40 za umma. Mwanzilishi alikuwa mtu wa mvuto mkubwa. Mawaziri na wasanii walimpenda. Mwenyekiti wa bodi, Alan Yentob, alikuwa kigogo wa utangazaji na alikikalia kiti hicho kwa zaidi ya muongo mmoja. Agosti 2015, siku chache baada ya kupewa pauni milioni 3 zaidi na serikali, shirika lilifunga milango. Kamati ya bunge iliwalaumu vikali wadhamini mwaka uliofuata. Mnamo Februari 2021, Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwapiga marufuku wasiwe wakurugenzi wa kampuni, na haikuwaona kuwa watu wasiofaa. Ripoti ya Tume ya Hisani ya 2022 haikuona udanganyifu, ila iliona usimamizi mbaya: wadai, wakiwemo wafanyakazi na ofisi ya ushuru, hawakuwa wakilipwa kwa wakati, na akiba ya kukabili dhoruba haikuwapo.

Funzo la kisa hicho hupotoshwa mara nyingi. Wengi husema bodi ile ilikuwa ya walaghai, jambo ambalo mahakama haikulikubali. Walikuwa watu wema na mashuhuri, tena wenye shughuli nyingi. Hilo linatisha kuliko ulaghai, kwa sababu mlaghai hufukuzwa, lakini mtu mwema asiyeuliza fedha za mishahara ya miezi mitatu ijayo ziko wapi hushukuriwa na kupigiwa makofi.

Hatari ya kumfanya mfadhili kuwa ndiye mwenye neno la mwisho ilidhihirika Venezuela. Mpango wa El Sistema ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka wa 1975 umefunza mamia ya maelfu ya watoto, na umeigwa duniani kote. Fedha zake zimetoka hasa serikalini. Mwaka wa 2017, baada ya kijana mpiga viola aliyelelewa na mpango huo kuuawa katika maandamano, kiongozi wa okestra Gustavo Dudamel aliikosoa serikali hadharani. Miezi michache baadaye, ziara ya okestra ya vijana nchini Marekani ilifutwa. Vijana waliokuwa wamefanya mazoezi kwa miezi mingi hawakuulizwa.

Upande wa pili wa shilingi uko Zanzibar. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002 na kukuza kizazi kipya cha wapigaji wa taarab, kilitangaza mwaka wa 2019 kwamba kingeweza kufungwa kwa kukosa fedha, kwani wanafunzi wengi hawakumudu hata karo ndogo iliyotozwa. Basi, asije mtu akadhani kwamba wenye fedha hawahitajiki. Wanahitajika sana. Ila mahali pao panaweza kuwa kamati ya uchangishaji, ambako watafanya wanaloliweza vyema bila kupiga kura kuhusu mwalimu gani aajiriwe.

Kuna jambo jingine ambalo wanabodi wetu hulikwepa kwa haya. Muziki hufunzwa na mtu mmoja kwa mtoto mmoja, mara nyingi katika chumba kilichofungwa ili sauti isiwasumbue wengine. Mwalimu humshika mtoto kiwiko, humnyoosha mgongo, humwelekeza pumzi. Kule Manchester, aliyekuwa mkurugenzi wa muziki katika shule mashuhuri ya Chetham's alifungwa jela mwaka wa 2013 kwa kumdhulumu kingono mwanafunzi wake wa zamani, na uchunguzi wa umma ulioripoti 2022 ulizitaja shule za muziki kuwa na hatari za aina yake kwa sababu hizo hizo. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Watoto ya 2022 na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Lakini sheria haiingii darasani. Mdhamini ndiye anayepaswa kudai kuona cheti cha maadili mema cha kila mwalimu, kuagiza mlango uwekwe kioo, na kuhakikisha kwamba mtoto anamjua mtu wa kumwendea asiyekuwa mwalimu wake. Mtu aliyeingia bodini kwa urafiki na mwalimu mkuu atamuulizaje maswali hayo?

Wapo wanaosema kwamba suluhisho ni kumweka mzazi mmoja wa mtaani bodini. Naliona wazo hilo jema lakini pungufu. Mzazi mmoja kati ya watu wanane wanaojuana ni pambo. Atatabasamu, atapigwa picha, na atanyamaza. Wawe wawili au watatu. Na mikutano isifanyike Jumatano saa nane mchana huko Westlands, kwa Kiingereza, kwa kutumia kitabu cha hesabu alichokipata mtu usiku uliotangulia. Mama anayeuza mboga akifunga kibanda kwa nusu siku amepoteza chakula cha jioni. Kumrudishia nauli na hasara hiyo si mshahara, wala hakuvunji kanuni ya kujitolea, mradi kumeandikwa katika katiba ya shirika na kunawahusu wote.

Aidha, kuna hazina ambayo vikundi vingi havijaigusa: waliofunzwa humo humo. Kijana aliyeingia akiwa na miaka minane sasa ametimiza 20 na ushei, umri wa mtu mzima kisheria. Anajua ni ala zipi huvunjika, ni njia ipi mtoto huogopa kupita jioni akiwa na fidla begani, na kwa nini wasichana huacha mazoezi wakifika kidato cha pili. Anajua pia kwamba fidla 100 zilizotolewa na mhisani wa ng'ambo ni kuni iwapo hakuna bajeti ya nyuzi.

Njia ya kuwapata watu wa namna hii si siri. Nafasi itangazwe wazi: kanisani na msikitini, kwenye ubao wa ofisi ya chifu, na katika redio za jamii kama Koch FM ya Korogocho au Pamoja FM ya Kibera. Tangazo liseme kazi ni saa ngapi kwa mwezi, kwamba haina malipo, na kwamba mdhamini anaweza kuwajibishwa kisheria. Wengi watakimbia wakisoma sentensi hiyo ya mwisho, na ni heri wakimbie mapema. Atakayebaki ahudhurie vikao viwili kama msikilizaji kabla ya kukubali, apewe hesabu za miaka mitatu iliyopita, na aandike ni nani katika shirika ana uhusiano naye wa damu, ndoa au biashara. Mhasibu atahitajika, na mwanasheria pia, lakini mweka hazina asiwe jamaa ya mkurugenzi hata akiwa mhasibu bora kuliko wote jijini. Muhula uwe na kikomo.

La mwisho ndilo litakalowauma waanzilishi. Wao ndio walioanza bila kitu, wakabeba ala kwenye matatu na kuwaomba makasisi vyumba. Ni vigumu kuwaambia wasiwe wenyekiti wa jopo la kuwahoji watu watakaowasimamia. Lakini siku ya mahojiano, mwanzilishi na akae nje ya chumba, aitwe tu pale watahiniwa watakapotaka kumuuliza maswali.