Je, Serikali Inaweza Kuajiri Upatanisho? Kanada, Watu Asilia na Deni la Shule za Bweni

Katika miaka ya karibuni, taasisi za utumishi wa umma nchini Kanada, kuanzia serikali kuu ya Ottawa hadi serikali za majimbo na halmashauri za miji, zimekuwa zikitangaza nafasi ya kazi ambayo watumishi wa kizazi kilichopita wasingeielewa hata kidogo: mshauri mwandamizi wa sera kuhusu upatanisho na watu asilia. Mtumishi huyu huandaa madokezo kwa ajili ya waziri, hupitia miswada kabla haijafika Bungeni, huketi na viongozi wa jumuiya za wenyeji, kisha hurudi ofisini kuwaeleza wakubwa wake kile alichokisikia. Neno upatanisho, ambalo sisi waamini tumelizoea katika kiti cha maungamo, sasa limo katika matangazo ya ajira, likiwa na ngazi ya mshahara, masharti ya elimu na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi.

Mpendwa msomaji, habari hii inaweza kuonekana kuwa ya mbali. Lakini inatuhusu kama Wakatoliki, tena kwa namna inayouma. Jeraha ambalo mshauri huyo anaajiriwa kulishughulikia lilisababishwa na mikono miwili iliyofanya kazi pamoja, mkono wa serikali na mkono wa Kanisa.

Watu asilia wa Kanada, yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, walikuwa takribani milioni 1.8 katika sensa ya mwaka 2021, sawa na asilimia 5 ya wananchi wote. Kuanzia miaka ya 1880 hadi ile ya mwisho ilipofungwa katika miaka ya 1990, watoto wao wapatao 150,000 walipelekwa katika shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa. Zaidi ya nusu ya shule hizo ziliendeshwa na taasisi za Kikatoliki, wakiwemo Waoblati wa Maria Imakulata na mashirika kadhaa ya watawa wa kike. Watoto walikatazwa kusema lugha za mama zao. Wengi walipigwa, wengine walinajisiwa. Kituo cha Taifa cha Ukweli na Upatanisho kilichopo Winnipeg kimeorodhesha zaidi ya watoto 4,000 waliofariki dunia, na baadhi yao wazazi hawakuwahi kuoneshwa kaburi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunawakumbuka wamisionari kwa shukrani. Wapo wazee katika majimbo yetu waliofundishwa kusoma na mapadre weupe kutoka Quebec, na shukrani yao ni ya haki. Hata hivyo, shukrani hiyo isitufanye tusikie habari za Kanada kama uzushi wa maadui wa Kanisa. Mapadre na watawa wa nchi moja waliweza kuwa baba na mama wa imani huku, na wenzao kule wakawa walinzi wa mabweni ambayo mtoto hakuruhusiwa kutoka.

Kwa nini basi mshauri huyo awekwe katika utumishi wa umma, na si katika makumbusho au chuo kikuu? Kwa sababu shule zile hazikuwa ajali. Zilikuwa sera. Zilibuniwa ofisini, zikaandikwa katika majalada, zikatengewa bajeti na kusimamiwa na watumishi waliokuwa wakipandishwa vyeo kwa kazi nzuri. Mwaka 1920 Duncan Campbell Scott, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Idara ya Mambo ya Wahindi, kama wenyeji walivyoitwa wakati huo, aliieleza kamati ya Bunge kwamba lengo lake lilikuwa kuendelea hadi asibaki hata mmoja ambaye hajamezwa ndani ya taifa la Kanada. Mwaka huohuo sheria ikaipa idara yake uwezo wa kuwalazimisha watoto kwenda shule.

Tume ya Ukweli na Upatanisho, chini ya Jaji Murray Sinclair, mwana wa taifa la Waanishinaabe, ilisikiliza maelfu ya mashahidi na mwaka 2015 ikatoa Miito 94 ya Kutenda. Mwito wa 57 unazitaka serikali za ngazi zote kuwafundisha watumishi wa umma historia ya watu asilia, shule za bweni zikiwemo. Mwito wa 43 unazitaka zilichukue Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Asilia la mwaka 2007 kuwa mwongozo wa upatanisho. Itakumbukwa kwamba Kanada ilikuwa miongoni mwa nchi nne tu zilizopiga kura ya kulipinga Tamko hilo. Tarehe 21 Juni 2021 sheria ya kulitekeleza ilikamilika, ikiidai serikali kuu ihakikishe, kwa kushauriana na watu asilia, kwamba sheria za nchi zinawiana na Tamko. Kumbe kazi ya mshauri haikutokana na hisani ya waziri fulani mwenye moyo mwema. Kuna sheria inayotakiwa kutimizwa, na lazima awepo mtu wa kuusoma kila muswada akiwa na Tamko mkononi.

Hata hivyo, kumwajiri mshauri ni jambo moja, na kumsikiliza ni jingine. Historia ya idara ileile inatoa mfano ambao, kwa maoni yangu, kila mwajiri angepaswa kuusoma kabla ya kutangaza nafasi.

Mwaka 1904 serikali ya Kanada ilimwajiri Daktari Peter Henderson Bryce kuwa mganga mkuu katika idara hiyo. Mwaka 1907 alizitembelea shule 35 katika nyanda za magharibi. Alikuta mabweni yaliyofungwa madirisha ili kutunza joto, na watoto wenye kifua kikuu wakilala bega kwa bega na wenzao wazima. Aliwaandikia walimu wakuu akiomba takwimu, na shule 15 zikajibu. Kati ya wanafunzi 1,537 waliotajwa, karibu robo walikuwa wamekwisha kufariki. Bryce alifanya kile anacholipwa mshauri kukifanya. Aliandika ukweli, akautia tarakimu, akapendekeza dawa: hewa safi, matibabu, na serikali kuchukua dhamana ya afya ya watoto. Taarifa ilichapishwa, magazeti yakaiandika. Mapendekezo yake ya baadaye yalikataliwa kwa kisingizio cha gharama, na makanisa nayo hayakutaka kuguswa katika mamlaka yao juu ya shule. Scott alipokwisha kushika idara, Bryce akaelezwa kwamba taarifa zake za kila mwaka hazihitajiki tena. Mwaka 1921 alistaafishwa bila kutaka. Mwaka uliofuata, akiwa hana tena kiapo cha ofisi cha kumfunga mdomo, alitoa kijitabu kilichoyaita mambo hayo jinai ya taifa. Shule ziliendelea kwa miongo mingine saba.

Ndugu msomaji, serikali ile haikukosa mshauri. Alikuwepo, alikuwa na elimu, alikuwa mkweli, na alikuwa ndani ya jengo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuwalazimu wakubwa wake kumjibu. Kwa hiyo, tangazo la ajira linapotoka leo, swali la kwanza si mshahara. Ni nani atakayepokea madokezo yake? Akisema muswada huu unavunja haki ya jumuiya fulani, je, waziri atalazimika kujibu kwa maandishi, au dokezo litalala kwenye jalada? Je, jumuiya zenyewe zitaruhusiwa kujua alichoshauri? Mshauri asiye na majibu haya anaweza kugeuka pambo la ofisi, jina zuri katika ukurasa wa viongozi, na kinga ya wakubwa pindi wanapolaumiwa.

Hofu hii si ya kufikirika. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi Bungeni kwa ajili ya shule za bweni. Mwaka mmoja kabla yake, mashirika ya watu asilia yalikuwa yamefungua shauri kwamba serikali inatoa fedha pungufu kwa huduma za watoto wa Mataifa ya Kwanza. Serikali ililipinga shauri hilo miaka mingi. Januari 2016 mahakama maalumu ya haki za binadamu iliamua kwamba ni kweli watoto hao walibaguliwa, na hata baada ya hapo mawakili wa serikali waliendelea kupinga amri ya fidia hadi yakafikiwa makubaliano ya zaidi ya dola bilioni 23, yaliyoidhinishwa mwaka 2023. Katika miaka hiyohiyo, ofisi za upatanisho zilikuwa zikifunguliwa. Mama wa mtoto aliyechukuliwa atauamini mkono upi wa serikali, ule ulioshika maua au ule ulioshika hati ya rufani?

Lipo pia suala la nani anayeajiriwa. Sheria ya mwaka 1876 iliweka kwamba mwenyeji atakayepata shahada ya chuo kikuu, kuwa daktari au mwanasheria, au kupokea daraja takatifu, alikoma hapohapo kuhesabiwa kuwa mwenyeji. Hata upadre ulimtoa mtu katika kabila lake mbele ya sheria! Masharti hayo yalilegezwa baada ya miaka michache, lakini ujumbe ulikuwa umeeleweka: elimu na ukoo haviketi nyumba moja. Leo tangazo linadai shahada, na mara nyingi linadai Kiingereza na Kifaransa. Mzee anayejua mikataba ya babu zake kwa moyo, au mama anayesema Kiinuktitut tu na Kiingereza, anaishia mlangoni. Bibi Mary Simon, Mwinuit wa kwanza kuwa Gavana Mkuu wa Kanada mwaka 2021, alilalamikiwa na wengi kwa kutojua Kifaransa, naye akaeleza kwamba shule ya serikali aliyosoma utotoni haikumpa nafasi ya kujifunza lugha hiyo. Nchi ilimnyima lugha, kisha ikamuuliza lugha iko wapi.

Na yule mmoja anayefanikiwa kuingia hubebeshwa mzigo wa wote. Anatakiwa awe daraja kwa watu walioumizwa na mwalimu wa wenzake ofisini, tena mtulivu katika kikao ambacho jina la bibi yake lingeweza kuwa ndani ya jalada linalojadiliwa. Si haki mtu mmoja kuwa dhamiri ya wizara nzima. Dhamiri haikodishwi, watumishi wengine wote nao wanapaswa kujifunza, na ndiyo maana Mwito wa 57 haukuishia kwa mshauri mmoja.

Baada ya kuinyoshea serikali kidole, ni lazima tujitazame. Katika Sakramenti ya Upatanisho tunafundishwa kwamba majuto na maungamo huandamana na malipizi. Zakayo hakuishia kumkaribisha Bwana mezani, bali alihesabu alichodhulumu na kuahidi kukirudisha mara nne. Sisi tulihesabuje? Katika makubaliano ya fidia ya mwaka 2006, taasisi za Kikatoliki zilizohusika ziliahidi kufanya kila juhudi kuchangisha dola milioni 25 kwa ajili ya uponyaji wa waathirika. Zilipatikana chini ya milioni 4, na mwaka 2015 uamuzi wa mahakama ukazifungua taasisi hizo kutoka katika wajibu huo. Kisheria jambo lilikwisha. Kidhamiri halikwisha, na Maaskofu wa Kanada walilitambua hilo mwaka 2021 walipoomba radhi na kuahidi dola milioni 30 katika muda wa miaka mitano.

Hayati Baba Mtakatifu Francisko aliiita safari yake ya Julai 2022 hija ya toba. Tarehe 25, huko Maskwacis, akiwa amekwenda kwanza kusali makaburini, aliomba msamaha kwa uovu ambao Wakristo wengi waliwatendea watu asilia. Tarehe 30 Machi 2023, Vatikani ilikataa rasmi ile nadharia ya ugunduzi, iliyodai kwamba ardhi ya wasio Wakristo ni halali kwa Mkristo anayeifikia. Hatua hizi ni kubwa. Hata hivyo, wapo wazee wa Maskwacis waliosikiliza na kusema kwamba sasa wanasubiri kuona majalada ya shule yakifunguliwa na lugha zao zikifundishwa. Hawakukosea kusubiri.

Wala jambo hili haliko ng'ambo tu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa Msitu wa Mau, ikiwatambua kuwa watu asilia, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya milioni 157.85 na warudishiwe ardhi yao kwa hati ya pamoja. Mwishoni mwa mwaka 2023 familia za Kiogiek zilikuwa zikiondolewa tena msituni. Yeyote atakayeajiriwa kuishauri serikali yoyote katika ukanda wetu juu ya watu kama hawa ataikuta kazi ileile iliyomshinda Bryce, yaani kuwafanya wenye uamuzi wasome hadi ukurasa wa mwisho.

Bryce na Scott wamezikwa katika makaburi ya Beechwood jijini Ottawa, si mbali mmoja na mwingine. Kwa miaka mingi kibao cha Scott kilimtaja kuwa mshairi mashuhuri tu. Mwaka 2015 maandishi yake yalibadilishwa yakaongezwa habari za shule za bweni, na Bryce naye akawekewa kibao chake. Watoto wa shule hupelekwa hapo na walimu wao, na wengine huacha barua juu ya kaburi la daktari.