Kiberiti cha Gesi: Tujaze, Tusitupe

Katika vibanda vya Nyeri, Karatina na Nanyuki huuzwa viberiti vya gesi vya namna mbili: cha kutupwa gesi ikiisha, na chenye vali kitakoni ya kujazia gesi upya. Wengi wetu hutazama bei tu, tukachukua kilicho rahisi. Yafaa tutafakari zaidi.

Neno kiberiti limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni salfa, kitu kiunguacho kikaisha. Lakini hiki cha gesi kikiishiwa, ganda lake hubaki zima. Mbona tulitupe? Nani huvunja mtungi kwa kuwa maji yamekwisha?

Plastiki haiozi upesi. Mvua huisomba hadi mitoni, na mito ya Mlima Kenya huulisha Tana, uendao Bahari Hindi. Sheria ya taka ya mwaka 2022 imewatwika watengenezaji dhamana ya taka za bidhaa zao. Mnunuzi naye asijitoe.

Walimu wenzangu, wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Tuwakumbushe wanafunzi kwamba jaa nalo hujaa vivyo hivyo. Kabla ya kulipa, tukipindue kiberiti tuitafute vali.