HAKIMU AULIZWE DINI YAKE?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, kijana mmoja ambaye baba yake alikuwa na kesi ya duara la dhahabu huko Geita alituuliza darasani: "Ustadh, hakimu wa kesi ya baba ni Mwislamu?" Darasa zima likanyamaza kusubiri jibu. Hatukumlaumu, kwani swali hilo amelisikia kwa wakubwa. Tumeona tulijibu hapa ili na wakubwa wasome.

Kenya swali hili liliulizwa hadharani. Mwezi Juni 2011 Dk. Willy Mutunga, aliyependekezwa kuwa Jaji Mkuu, alifika mbele ya kamati ya Bunge. Aliulizwa kuhusu hereni yake na imani yake, naye alikuwa amepitia Ukristo kisha akaingia Uislamu. Baadhi ya viongozi wa makanisa walimpinga. Hereni ile alisema yamuunganisha na wahenga wake, jambo ambalo sisi kiitikadi hatulikubali. Lakini je, hilo ndilo lingeonyesha kama atahukumu kwa haki? Alipitishwa, akahudumu hadi 2016.

Mwaka huo huo Jaji David Maraga, Msabato, aliulizwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama kama angeweza kusikiliza kesi siku ya Jumamosi. Alijibu wazi kuwa ingemuwia vigumu. Akapewa ukuu wa mahakama, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama yake ikafuta matokeo ya uchaguzi wa Rais. Sabato yake haikumzuia kusimama mbele ya wenye nguvu.

Hapa tutofautishe. Kadhi wa Kenya lazima awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu. Katiba yao ya 2010, ibara ya 170, inasema hivyo, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Kumuuliza jaji kuhusu ratiba ya ibada nako kuna maana, kama ambavyo sisi tungependa mwajiri ajue mapema kuhusu swala ya Ijumaa. Lakini kupekua moyo wa mtu ili apewe au anyimwe kiti cha hukumu, hiyo ni dhulma.

Kwetu Tanzania Rais huteua majaji baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, bila mahojiano ya hadharani. Hata hivyo, sisi mitaani tunawahoji kwa majina yao. Na majina hudanganya! Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu kuanzia 2007 hadi 2010, alikuwa Mwanglikana na baadaye akawa padri.

Wapo watakaosema: "Asiye Mwislamu ataamuaje mirathi yetu?" Hoja hii ina uzito. Lakini swali lake sahihi ni hili: je, anaijua sheria ya mirathi ya Kiislamu? Mwislamu asiyeijua atawadhulumu mayatima vile vile.

Tusisahau Februari 2013 huko Buseresere, ambako mgogoro wa nani achinje ulifika hadi mchungaji mmoja kuuawa. Mambo kama hayo yakifika mahakamani, kila upande ukitafuta hakimu "wake", haki itapatikana wapi?

Wafasiri wengi wanaeleza kuwa aya ya 105 ya Suratun Nisaa na zinazofuata ziliteremka kuhusu Tu'uma bin Ubayriq wa Madina, aliyeiba deraya na kumsingizia Yahudi. Jamaa zake walikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea mtu wao. Wahyi ukamsafisha Yahudi. Basi sisi ni nani hata tutake hakimu wa kutupendelea?

Kijana wetu tulimjibu hivi: uliza kama hakimu huyo hali rushwa, kama anasikiliza pande zote mbili, na kama anaijua sheria. Kisha uliza jambo zito zaidi: je, duara lile ni la baba kweli? Hakucheka, wala sisi hatukucheka.

Na nyinyi wanafunzi, someni sheria. Siku mtakapokalia kiti hicho, asiye wa dini yenu aingie mahakamani bila hofu.

Allah atujaalie tuwe waadilifu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.