Na heroe nao wahesabiwe

Mimi ni mwongoza watalii, mkazi wa Karatu. Wageni ninaowashusha kreta ya Ngorongoro huuliza faru wamebaki wangapi. Swali zuri. Lakini heroe wa Ziwa Magadi, palepale chini, hakuna anayewaulizia.

Kuwahesabu kunawezekana. Unashika darubini, unahesabu kumi, unaangalia kumi hao wamechukua nafasi gani, kisha unalikadiria kundi zima kwa kipimo hicho. Hesabu hiyo ina habari ndani yake. Heroe mdogo hula mwani wa maji ya magadi. Mvua zikizidi, chumvi hupungua, mwani huadimika, naye huhama. Mazalia yake makuu Afrika Mashariki ni Ziwa Natron, kaskazini mwetu. Huko kukiharibika, na kreta itakosa ndege hao.

Ndege wa maji huhesabiwa kimataifa kila Januari tangu 1967. Januari peke yake haitoshi. Septemba, kiangazi kimekolea na ziwa limenywea, waongozaji tunashuka kreta kila siku. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro itupe fomu za kuhesabia, na shule za Karatu zilete wanafunzi. Tuanze kiangazi kijacho.