Kisasi Huuliza Jina Tu



Husemwa katika bonde letu la Ruzizi kwamba asiyelipa kisasi hakumpenda marehemu wake. Neno hilo ni uongo, na yatupasa kulikataa waziwazi.

Mwalimu Julius Nyerere, mkatoliki mwenzetu, alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Tafsiri hiyo ilitolewa mwaka 1963. Humo Brutus anamsaliti rafiki yake na kumwua. Antony anaililia maiti. Machozi yake ni ya kweli, lakini anayageuza kuwa kuni. Anawaonyesha watu majeraha, anawasomea wasia unaomwahidi kila raia fedha, nao wanatoka mbio kuchoma na kuua. Njiani wanamkuta mtu aitwaye Cinna. Mmoja wa wasaliti ana jina hilohilo. Huyu anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu; wanamwua kwa ajili ya jina. Na Antony je? Punde ameketi na wenzake, wakiandika orodha ya watakaouawa na kutafuta namna ya kupunguza fedha za wasia uleule!

Je, hatuwajui akina Antony wa kwetu? Huwatuma vijana porini kwa jina la wafu, kisha wajane wa wafu hao hawapati hata unga.

Tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, wakimbizi zaidi ya 150 waliotoka nchini mwetu waliuawa kambini. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengine wakiwa katika ibada. Pote pawili walikufa watoto. Mtoto alimsaliti nani?

Mtanijibu: mahakama ziko mbali, na walinzi huchelewa. Ni kweli. Karibu na Mutarule walikuwapo wanajeshi na walinzi wa Umoja wa Mataifa, wala hawakuwaokoa wale watu. Lakini mahakama, hata ikikawia, humwuliza mtu alilotenda. Kisasi huuliza jina tu.

Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi, anatuagiza kumwachia Mungu kisasi. Hakutuagiza kunyamaza. Tuyatunze majina ya wafu wetu, tuseme ukweli, tudai hukumu ya haki bila kuchoka.

Na tuanze na jambo moja gumu: katika Misa ileile, kwa sala ileile, tuwaombee wafu wa Mutarule pamoja na wafu wa Gatumba. Asiyeweza kusali hivyo, ajiulize kama analia bado, au ameshaanza kuwinda.